Mke Wangu Yuko Nusu Gani?

Göttingen, 12 Juni 1927

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mama Mkubwa Thekla mpe shikamoo yake peke yake, asije akasema nawachanganya kama viazi vya gunia moja. Mimi sijambo. Bi Hasselbring, mwenye nyumba wangu, bado anapika supu ya njegere kila Jumamosi, na bado anasema msichana anayesoma fizikia ataozea vitabuni. Mvua haijakatika tangu Pentekoste. Samaki wa moshi mliowatuma wamefika salama, ila walinuka mpaka karani wa posta akaja mlangoni mwenyewe kuniomba niwatoe pale kwa hisani yangu.

Sasa sikia, na kama umesimama, kaa.

Imetoka makala mwezi uliopita. Mwandishi wake ni kijana, ananizidi miaka michache tu. Alipita hapa hapa Göttingen kabla ya kwenda Denmark. Ukumbini kwetu watu hawazungumzi kingine. Anasema hivi: elektroni, chembe ile ndogo iliyomo ndani ya atomu, huwezi kujua kwa pamoja mahali ilipo na mwendo ilio nao. Ukipabana sana mahali, mwendo unakuponyoka. Ukiubana mwendo, mahali panakuponyoka. Wala si kwa ubovu wa vyombo vyetu. Ni kwa chombo chochote, hata kikiundwa na malaika.

Baba Mkubwa, unajua nilikuwa nafanya nini. Tasnifu yangu yote ni kuhesabu njia za elektroni ndani ya atomu ya gesi ya heli. Wenzangu waliacha habari za njia zamani. Mimi nikashikilia, nikisema hesabu mpya zimeifunika tu, chini yake njia ipo. Lakini njia ni nini, kama si kitu kuwa mahali fulani kikielekea mahali fulani, kila dakika? Nimekaa kwenye benchi la ukumbini kama mtu aliyepewa anwani ya nyumba, akafika na mizigo yake, akakuta hata mtaa haupo.

Wewe ndiye uliyenilea baba alipokufa. Wewe ndiye uliyenisimamisha kando ya meza ya mabiliadi, mipira ikigongana, nikiwa kidevu kinagusa ubao, ukaniambia: "Gesine, anayejua kila kitu kilipo leo na kinakoelekea, ameshaijua kesho. Ujinga ni wetu, si wa dunia." Niambie basi, sasa nishike wapi?

Mwanao aliyepigwa na butwaa,
Gesine


Greifswald, 19 Juni 1927

Mwanangu Gesine,

Marahaba. Hapa tuko salama. Mvua yenu mmetuletea nasi. Barua yako niliisoma mezani kwa sauti. Mama yako Mkubwa kacheka hadithi ya karani, halafu akaenda kujilaza mchana, jambo asilolizoea. Jumanne alipita kwa Daktari Wendhausen kwa kitu kidogo. Usijali.

Ama hiyo makala yenu. Miaka yote niliyofundisha fizikia nimewaona vijana wa kila aina, ila huyu wako amenipita. Anapapasa gizani, hapati kitu, anatoka nje kutangaza kwamba chumba ni kitupu! Mwizi kutojulikana si maana yake hakuna aliyeiba. Elektroni iko mahali, Gesine. Iko mahali fulani hasa, inakwenda kwa mwendo fulani hasa, iwe unaiona huioni, hata ukiwa umelala unakoroma. Waliosema homa ni mkono wa Mungu walisema hivyo hivyo, "haijulikani", mpaka mtu mwenye hadubini akawaonyesha mdudu wake.

Nionyeshe hesabu, usinionyeshe butwaa. Na tasnifu utaitetea lini? Hukusema.

Baba yako Mkubwa,
Leberecht Ohlendorf


Göttingen, 2 Julai 1927

Baba Mkubwa,

Salamu nyingi. Mwambie Mama Mkubwa nimeshona ile sketi ya kijivu kwa kipimo alichonitumia, na kwamba kipimo ni chake ila kiuno kimekuwa cha Bi Hasselbring. Kwa nini haandiki? Zamani kila barua yako alikuwa ananing'inizia mistari yake ukingoni. Ananikasirikia?

Umetaka hesabu, nimeziambatanisha. Lakini kwa maneno ni hivi, kama mwandishi mwenyewe anavyoeleza. Tuseme una hadubini ya ajabu, unataka kuiona elektroni moja. Kuiona lazima uimulike. Mwanga una mawimbi. Mawimbi marefu ni mapole, lakini yanaona vibaya, ni kama kupapasa sindano ukiwa umevaa glavu za kuvulia samaki. Ukitaka kuona sawasawa, tumia mawimbi mafupi. Lakini mwanga wa mawimbi mafupi unapiga kwa nguvu. Ukiigusa elektroni unaitupa huko. Umeshajua ilipokuwa, hujui tena inakokwenda. Ukiimulika kwa upole, haikurupuki, lakini hukuiona ilipo. Zidisha ukungu wa mahali kwa ukungu wa mwendo: jibu halishuki chini ya kiasi fulani, hata ufanyeje. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, ndiyo maana kwenye mabiliadi hukukiona.

Basi ni kama vile kuangalia kwenyewe kunakijeruhi kinachoangaliwa.

Kijana mmoja wa darasa letu alisimama akamwuliza profesa: "Lakini kabla hatujaimulika, ilikuwa wapi?" Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Swali hilo, bwana, ndilo tunaloambiwa tusiulize."

Mwanao,
Gesine


Greifswald, 30 Julai 1927

Gesine,

Nisamehe ukimya. Cheri zimezaa sana, tumekuwa na kazi ya jemu. Mama yako Mkubwa hakukasirikii.

Hesabu zako nimezipitia. Sikuona kosa. Nimezipitia tena.

Nina maswali mawili. Nataka unijibu kama mtu anayeulizwa mahakamani, bila mzaha. Kwanza: huko kutojua ni kwetu, au ni kwa dunia yenyewe? Maana yake, je, mtu akisema "haijulikani", yaweza kuwa kweli hakuna cha kujulikana, wala yeye hana hatia ya uvivu? Pili: ni kweli kwamba kukitazama kitu ni kukijeruhi, na kwamba kisipotazamwa huenda kingebaki kama kilivyo?

Nijibu upesi.

L.


Göttingen, 3 Agosti 1927

Baba Mkubwa,

Umenitisha. Tangu lini unatia saini herufi moja? Lakini pia nimefurahi, nikasema, mzee ameanza kuelewa, kazi yangu si bure. Nimeacha sahani ya dengu inapoa ili nikujibu.

La kwanza: ni la dunia. Anayesema "haijulikani" si mvivu wala mwongo. Hakuna cha kujulikana.

La pili: ndiyo. Kutazama kunakijeruhi.

Unaona ninavyojua kujibu kama mahakamani? Profesa angenipa alama kamili. Sasa nawe nijibu moja: Mama Mkubwa ananiandikia lini?

Mwanao,
Gesine


Greifswald, 9 Septemba 1927

Mwanangu Gesine,

Salamu. Najua umeandika kadi mbili katikati na sikujibu. Sikuwa na la kuandika ambalo lisingekuwa uongo.

Barua yako ya Agosti iko mfukoni mwangu, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Imenitua mzigo. Ndiyo maana naona ni haki nikuambie ulikuwa mzigo gani.

Mwezi Juni Daktari Wendhausen alimwona Mama yako Mkubwa. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari alimwambia yeye ni mafuta yaliyoganda, avae mavazi yasiyobana. Mimi akaniita kando, akafunga mlango. Akasema ni saratani. Akasema apelekwe Berlin akakatwe, kisha achomwe kwa radiamu, madini yale yanayotoa miale, na tusikawie.

Nikamwuliza, "Atapona?"

Akasema, "Kwa hali kama hii, Bwana Ohlendorf, nusu ya wanawake hupona."

Nikamwuliza, "Mke wangu yuko nusu gani?"

Gesine, yule mtu alinitazama kana kwamba nimeuliza rangi ya Jumatano. "Hilo halijulikani," akasema. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa fizikia, nisifanywe mtoto, uvimbe upo, damu ipo, sababu zake zipo, basi na matokeo yapo, aende akatafute. Siwezi kumlaza Thekla chini ya kisu kwa kurusha sarafu. Nikaandika kwa madaktari wa Rostock na wa Kiel. Wote: nusu, nusu, haijulikani. Niliwaona wavivu wote. Sikulala.

Kisha ukaja wewe na makala yako. Nilipigana nayo kiangazi chote, unajua. Lakini uliponijibu, nilikaa jikoni nikalia, Thekla akiwa bustanini na ndoo ya cheri. Kumbe hawanifichi kitu. Kumbe hakuna cha kujulikana. Basi sina kosa kwa kungoja. Na lile la pili: kulitazama jambo ni kulijeruhi. Thekla anaimba anapopiga pasi. Anafundisha watoto piano. Nikimwambia, yote hayo yatakuwa yamekwisha kabla ya ugonjwa kuyamaliza. Nimeamua simwambii, wala Berlin hatuendi, na nimeamua kwa moyo mtulivu, kwa sababu yako.

Usimwandikie habari hii.

Baba yako Mkubwa


Göttingen, 11 Septemba 1927

Baba Mkubwa,

Sina salamu leo.

Tangu Juni? Mwanamke ana saratani tangu Juni, na mimi hapa nakuchekesha na habari za glavu za samaki? Uliniuliza swali la maisha yake, nikakujibu kwa majivuno, huku nafikiria dengu zangu! Kwa nini hukusema unaniuliza nini? Nimetapika, Baba Mkubwa. Bi Hasselbring kanikuta sakafuni akadhani nina mimba.

Nisikilize. Nitaongea fizikia kwanza kwa sababu umejenga nyumba juu yake na nyumba hiyo lazima ianguke leo.

Moja. Nilikuambia kiasi chenyewe ni kidogo mno. Ukungu ule ni wa elektroni. Mama Mkubwa si elektroni. Uvimbe wake ni kitu kikubwa, kinashikika kwa kidole. Daktari anaposema haijulikani, anasema yeye hajui, kwa kuwa mwili una mambo mengi na udaktari bado mchanga. Kutojua huko ni kwetu! Ni kule kule ulikonifundisha wewe. Umeichukua sheria ya vumbi ukamvika mke wako.

Mbili. Lile la kutazama na kujeruhi, hata kwa elektroni nilikueleza kitoto. Sikuwa nimeelewa, ila nilitaka kuonekana nimeelewa. Wiki hizi nimekuwa nikibishana nalo, na nakuambia si suala la kuipiga kwa mwanga. Fanya hivi. Nenda kwenye piano ya Mama Mkubwa. Gusa ufunguo wa mwisho kabisa kushoto, ule mzito, uache mkono juu yake: utasikia noti, unaweza kuitaja jina. Sasa uguse na kuuachia papo hapo, kwa kasi uwezavyo. Utasikia kishindo tu. Si kwamba noti ilikuwamo ukaijeruhi. Sauti fupi kiasi hicho haina noti. Ili noti iwe noti inahitaji muda wa kutikisika. Ukitaka ujue wakati wake hasa, hakuna noti. Ukitaka noti, hakuna wakati mmoja. Na elektroni ni hivyo. Haifichi mahali pake wala mwendo wake. Haina vyote viwili kwa pamoja, basi. Hakuna aliyeumizwa na aliyetazama. Usimfiche mtu mauti yake kwa kusingizia hadubini.

Tatu, na hili si fizikia. Titi ni lake.

Mwambie. Barua hii ikifika asubuhi, mwambie asubuhi. Usipomwambia, Jumamosi niko kwenye treni, nitamwambia mimi mlangoni, hata kama kuna mtoto anapiga piano.

Gesine


Greifswald, 16 Septemba 1927

Gesine,

Usipande treni. Anajua.

Nakuandikia ilivyokuwa, sina mwingine wa kumwambia, na nyumba ni tupu.

Barua yako ilikuja na chai ya asubuhi. Thekla alikuwa amekwenda sokoni. Niliisoma nimesimama. Nilikataa. Nikasema huyu mtoto ana hasira, hasira si hoja. Lakini hoja ya piano sikuweza kuipita hivi hivi, nikaenda nikafungua kifuniko. Nikagusa ule ufunguo wa mwisho kwa muda. Noti. Nikaugusa na kuuachia. Kishindo. Nikarudia, nikarudia, kwa kasi zaidi, natafuta noti ndani ya kile kishindo, sikio nimelibandika kwenye mbao. Haikuwamo. Gesine, haikuwamo. Umri wangu wote nilidhani ipo.

Nikasikia nyuma yangu, "Leberecht, piano yangu imekukosea nini?"

Alikuwa na kikapu cha viazi, kofia bado kichwani.

Nikasema, "Nasikiliza kama noti imo."

"Mgonjwa wewe?"

Nikasema, "Mimi sijambo. Wewe ndiye." Ilinitoka hivyo, kama kikohozi. Basi nikamwambia yote, bado nimekaa kwenye kiti kidogo cha piano, yeye amesimama na viazi vyake.

Nilitazamia alie. Hakulia. Alikuwa mweupe kama chokaa. Akaweka kikapu chini polepole. Akasema, "Tangu lini?"

"Juni."

"Na hao madaktari walisema nini?"

"Kwamba twende Berlin, tusikawie."

"Juni," akasema. "Mimi napika jemu." Akakaa kwenye ngazi. "Wewe na yule mtoto mmekaa kiangazi kizima mnaandikiana habari za vumbi, na mimi natembea na mauti kifuani nikidhani ni mafuta? Nimefungua vifungo vya nguo zangu ili mafuta yasibanwe, Leberecht!"

Nikasema nilitaka kumlinda. Nikasema nilitaka nijue kwanza, niwe na jambo la hakika la kumwambia.

"Hakika yako ilikuwa na shughuli gani na titi langu?"

Akapanda juu. Nikasikia sanduku likiburutwa. Alishuka amevaa koti. Nikasema nitamsindikiza Berlin, akasema nikigusa lile sanduku atapiga kelele mpaka mchungaji aje. Dada yake Wilma anakaa Berlin, mtaa wa Charlottenburg. Huko ndiko alikokwenda. Mlangoni aligeuka. Nilidhani ataniambia neno. Akasema, "Viazi vile ni vya leo. Usiviache vikaota."

Nimevipika. Sikuvila.

Nimeambiwa nikionekana hospitali hatapokea matibabu. Nenda wewe. Nakuomba.

Baba yako Mkubwa


Berlin, 23 Oktoba 1927

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Yuko hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma mengine umekaa.

Walimkata mwanzoni mwa mwezi. Titi lote limeondoka, na nyama za kwapani. Mkono wa kushoto hauinuki bado. Anasema wimbo wa mkono mmoja atautunga mwenyewe. Mimi nalala kwa Bi Wilma, ambaye anakuita "yule mwanafalsafa" kwa sauti ambayo sitaiandika.

Siku ya kwanza niliingia wodini. Nilidhani atanifukuza na mimi, kwa kuwa barua zangu ndizo zilizokupa kisingizio. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasema, "Sketi inakubana kiunoni." Nikalia mimi, si yeye.

Sasa wanampa radiamu. Wanaiweka ndani ya visindano vidogo vya platini, wanavichomeka kwenye kovu, muuguzi anakaa na saa, halafu anavitoa. Jana aliniuliza, "Wewe mtaalamu, hiki kitu kinafanya nini humu?" Nikamwambia radiamu inavunjika yenyewe, atomu moja moja, na kila ikivunjika inatupa miale inayoua kinachokua ovyo. Akauliza, "Ipi inavunjika sasa hivi?" Nikamwambia hakuna ajuaye, wala hatapata kujua, atomu yenyewe haina saa yake iliyoandikwa mahali. Akamgeukia muuguzi kwa mshtuko. "Na huyu anatumia saa gani?"

Nikamweleza kwamba atomu moja haitabiriki, lakini mabilioni pamoja hayakosei. Ndiyo maana muuguzi anaweza kupima kwa saa ya kawaida. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Akasema, "Basi na nusu ile ya daktari wako ni hivyo. Yeye anajua kundi. Mimi si kundi." Nikamwambia ndiyo, ingawa kutojua huku ni kwa aina nyingine, ni upungufu wa madaktari tu. Akasema, "Kwangu kitandani ni kumoja. Nisogezee maji."

Kuna jambo lazima nikuandikie, japo sipendi. Daktari mkuu alipokuwa akifunga bendeji alisema laiti tungekuja Juni. Mama Mkubwa akamwuliza, "Ingekuwa tofauti?" Akasema, "Labda." Akamwuliza tena, "Labda kubwa au labda ndogo?" Daktari akaendelea kufunga bendeji. Nakuandikia hivyo hivyo kama ilivyokuwa, bila kukulaumu wala kukufariji, maana sijui ni lipi la haki.

Uliomba uje. Nilimfikishia. Alisema: "Mwambie bado nina hasira nzuri, safi. Sitaki aje kuniharibia na maua."

Na uliuliza habari za tasnifu, sikujibu. Nimeitupa. Njia za heli hazipo, na mimi siwezi kutetea mtaa usiokuwepo. Profesa amenipa mwaka mwingine na mada nyingine. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Naona ukoo wetu una tabia.

Kula kitu.

Gesine


Greifswald, 4 Novemba 1927

Mwanangu Gesine,

Nimekula. Mchungaji aliniletea samaki wa siki na viazi, akakaa mpaka sahani ikaisha; bila shaka umemwandikia.

"Labda" ile ninayo. Naamka nayo, nakwenda nayo kwa kinyozi. Nimejaribu kuifanyia hesabu. Haihesabiki. Usinifariji.

Makala yenu nimeisoma hatimaye mwenyewe, si kwa kupitia kwako. Niliagiza jarida lenyewe. Iko sawa. Nilisoma ukurasa wa mwisho nikatoka nje bila koti, nikasimama kwenye ua. Majirani waliniona. Mtu wa umri wangu kuambiwa kwamba hata leo yenyewe haiko kamili, achilia mbali kesho! Ningependa kukuambia nimetulia. Sijatulia. Nimeshtuka kama siku niliyoambiwa habari ya Thekla, na sijui kipi kilinishtua zaidi, na kutojua huko kunaniaibisha.

Simwandikii kwa kuwa amekataza. Lakini piano yake naifuta vumbi. Mwambie, au usimwambie.

Baba yako Mkubwa


Greifswald, 22 Aprili 1928

Mwanangu Gesine,

Salamu kwako na kwa Bi Hasselbring. Nimefurahi mada mpya inakwenda, na nimefurahi zaidi kwamba sikuelewa nusu ya ulichoniandikia. Hapa theluji imekwisha, vyura wameanza makelele.

Alirudi wiki iliyotangulia Pasaka. Hakuniarifu. Nilikuwa nachonga penseli, nikasikia ufunguo mlangoni. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja. Nilisimama na penseli yangu. Akasema, "Nimerudi nyumbani kwangu. Si kwamba nimekusamehe. Tofautisha." Nikasema nimetofautisha. Analala chumba chako.

Daktari wa Berlin amemwambia kwa sasa hawaoni kitu. Akirudi kwa uchunguzi wa vuli, wataona au hawataona. Nilikuwa nimeazimia kutouliza swali lolote lenye neno "lini" au "kiasi gani" ndani yake. Nimeshindwa mara moja tu, akanijibu, "Leberecht, mimi ndiye mwenye mwili na mimi sijui. Wewe nani?"

Jumamosi alinikuta nakunywa kahawa, akaniambia nivae viatu vya shambani. Nje, kando ya ukuta unaopata jua, aliweka kapu la mizizi. Ilikuwa ya asparaga, ile mboga ya machipukizi. Alikuwa ameiagiza kutoka Braunschweig wala sikujua.

Nikasimama pale kama gogo. Ulimi ukanitoka mbio kabla sijaufunga: "Thekla, hii haivunwi mpaka mwaka wa tatu."

"Najua kuhesabu."

"Nasema tu kwamba—"

"Najua unachotaka kusema. Usiseme. Na usinitazame kama hadubini ya daktari." Alinipa sepeto kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado unafika begani tu. "Chimba. Chimba kina, mizizi hii haitaki uvivu."

Nikachimba. Machozi yalinishuka nikasingizia upepo, naye akaniacha nisingizie. Aliipanga mizizi mmoja mmoja mtaroni, akitandaza nyuzi za kila mmoja kama anayemchana mtoto nywele, na mimi nikifukia. Mara nikamsikia anaimba chini chini, ule wimbo wake wa kupigia pasi. Aliponiona nimesikia akanyamaza. Baadaye kidogo akaendelea.

Tulipanda mistari miwili. Yeye alitaka mitatu. Ardhi ndiyo iliyotuishia.

Baba yako Mkubwa,
Leberecht